Deni la Mtani

Kuna swali moja nimelibeba kwa miaka miwili sasa. Sikupata mtu wa kumwuliza bila kuona haya, kwa hiyo nimeona heri niliandike. Swali lenyewe ni hili: mtu anapokucheka katika huzuni yako, nawe ukamwachia acheke, je, kuna deni lolote kati yenu? Na kama lipo, nani anamdai mwenziwe? Msomaji atanisamehe, maana mambo nitakayoyaeleza ni ya mpira wa miguu, tena si mpira wa kucheza bali wa kushabikia. Kuucheza sikuwahi kuucheza vizuri. Lakini nimekaa katika ushabiki kwa miaka 48, na baadhi ya mambo mazito ninayoyajua kuhusu binadamu niliyajulia humo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, makazi yangu ni Kibiti. Nilizaliwa delta, upande wa Nyamisati, ambako kwenda shule, dukani au zahanati kulikuwa kwanza ni suala la maji kujaa na kupwa, na baadaye ndipo kukawa suala la fedha. Ni Mndengereko, ni Mwislamu, na ni Simba. Hilo la tatu sikulichagua kwa kufikiri. Nilimkuta kaka yangu mkubwa ni Simba, nami nikamfuata kama nilivyomfuata kwenye mtumbwi.

Kijijini kwetu wakati ule redio ilikuwa moja, ya mzee aliyefanya biashara ya nguzo za mikoko. Siku za mpira watu walikuja kutoka vijiji vya jirani kwa mitumbwi, wakakaa chini ya mwembe wake. Kila mtu alitoa senti zake za kuchangia betri. Zile za zamani zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya dakika chache za mwisho. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuja na kuondoka, mara sauti ya mtangazaji, mara mlio kama wa mafuta yanayochemka kikaangoni, na katika mlio huo sisi tulikuwa tukimsikia hata mtu anayepiga kona.

Julai 1977 nilikuwa na miaka 14. Simba walikuwa wanacheza na Yanga. Wakubwa watakumbuka kwamba siku ile Simba walishinda 6-0, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu. Sisi kijijini tulisikia manne tu. Mwenye redio alikuwa Yanga, na bao la nne lilipoingia aliinuka taratibu, akafunga redio, akasema, "Betri zimekwisha." Mabao mawili yaliyobaki tulikuja kuyajua siku ya tatu, mashua ilipoleta gazeti. Hadi leo kwetu mtu akishindwa kwenye mabishano akaondoka, anaambiwa betri zimekwisha.

Baba yangu hakupenda mambo haya. Siku moja alituuliza, mimi na kaka, swali ambalo nililiona la kishamba wakati ule: "Hao Simba ndio watakaokuzikeni?" Hakutaka jibu. Alikuwa akitukumbusha kwamba kijijini mtu huhesabu watu wake kwa kuwauliza nani atashika jembe siku ile. Jirani atashika. Shemeji atashika. Mwenzako wa msikitini atashika. Kibadeni, ambaye hata sura yake hatukuijua, hatakuja kwa mtumbwi kutoka Dar es Salaam. Na kwa kweli alikuwa na haki ya kushangaa. Tulikuwa watu kama 30 chini ya mwembe, wengi wetu hatujawahi kuuona Uwanja wa Taifa, tumefungwa pamoja na mapenzi ya kitu tusichokiona, tusichokila, kisichotujua. Si damu, si dini, si faida. Ni ujamaa wa namna gani huo?

Jibu la kwanza nililojipa, nilipokuwa mwalimu kijana, lilitokana na neno ambalo magazeti yetu hulitumia kila wiki bila kulifikiria: watani wa jadi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wake wakajitenga wakaunda timu nyingine, ambayo iliitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ikaitwa Simba. Kwa hiyo ni watoto wa tumbo moja waliogombana. Kila mmoja amekwisha kumpiga mwenziwe kipigo kisichosahaulika: Yanga 5-0 mwaka 1968, Simba 6-0 mwaka 1977, Simba 5-0 mwaka 2012, Yanga 5-1 mwaka 2023. Mashabiki huzitaja tarehe hizi kama watu wengine wanavyotaja miaka ya njaa.

Lakini utani, ule utani wenyewe wa makabila, haukuwa matusi ya bure. Wazee wanasema Wazaramo na Wanyamwezi walitaniana kwa sababu ya misafara iliyokuwa ikishuka pwani. Wangoni wana watani wao, na sisi wa Rufiji tuna wetu. Mtani aliweza kukunyang'anya kuku wako ukacheka. Aliweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Radcliffe-Brown, aliandika juu ya desturi za namna hii mwaka 1940, akaona kwamba ndani yake urafiki na uadui vimechanganywa, na kwamba ni utovu wa heshima ambao umepewa ruhusa. Nakubaliana naye, ila nafikiri upande wa pili unahitaji kusemwa kwa sauti kubwa zaidi. Mtani yule aliyekunyang'anya kuku ndiye aliyetarajiwa msibani kwako. Yeye ndiye anayeigiza mwendo wa marehemu wakati wafiwa wamekaa kama mawe. Yeye anaingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Anafanya kazi ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya, na anazifanya huku akiwacheka. Ruhusa ya kukucheka na wajibu wa kukuzika vilikuwa katika fungu moja, na mtu hakuweza kuchukua kimoja akaacha kingine.

Je, utani wa Simba na Yanga una fungu la pili, au umebeba nusu tu ya kicheko? Hapo ndipo ninapolazimika kumleta fundi.

Nilimjua Fundi nilipohamishiwa Kibiti mwaka 1991. Ana cherehani yake karibu na soko, ni mdogo wangu kwa miaka mitatu, na ni Yanga wa kupindukia. Novemba 1993 Simba walifika fainali ya Kombe la CAF. Walitoka sare ya 0-0 kule Abidjan na Stella, na sisi tukaamini kombe limekwisha kufika nyumbani. Kisha wakafungwa 2-0 Dar es Salaam. Kesho yake asubuhi Fundi alikuja nyumbani kwangu na vipande vya kitambaa cheusi alivyovishona vizuri, vya kufunga mkononi, kimoja changu, kimoja cha mke wangu, na vidogo vya watoto. Alikuja pia na birika la kahawa. Alikaa hadi saa 5, akinipa pole kwa sauti ya mtu anayesoma hitima. Nilikasirika sana, na kahawa nikainywa.

Baada ya hapo jamii yetu ile ilibadilika umbo mara nyingi. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na muda si muda mji wetu ukapata vibanda umiza, yaani chumba cha mabati, jenereta nje, na watu 100 ndani wakitoka jasho. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, wenzetu wa ng'ambo ya mto hawakuhitaji tena kusubiri pantoni Ndundu, na waliweza kwenda Dar es Salaam kutazama mpira na kurudi. Azam TV ilipoanza mwaka 2013, mwenye kisimbusi akawa na mechi ya ligi sebuleni kwake. Katikati ya hayo yote tuliunda tawi letu, na wao lao, na kila tawi likawa na daftari la kufa na kuzikana. Naomba nilitaje daftari la Yanga wa sokoni, kwa sababu nimeliona: kurasa za nyuma zina kichwa cha habari "Watani", na chini yake kumeandikwa michango yetu sisi katika misiba yao. Sisi nasi tulikuwa na kurasa kama hizo. Hakuna aliyetuagiza kutoka Msimbazi wala Jangwani.

(Niongeze moja, maana ni la ualimu. Mojawapo ya midomo ya delta yetu inaitwa Simba Uranga. Kila mwaka nilipofundisha ramani ya Rufiji, walikuwapo watoto wawili watatu walioandika "Yanga Uranga". Niliwakosesha alama kwa furaha isiyo ya kialimu.)

Sasa nifike mwaka 2017. Aliyekuwa akiishi Kibiti, Ikwiriri au Mkuranga wakati ule hahitaji kuelezwa, na asiyekuwapo sijui kama ataelewa. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa mmoja baada ya mwingine na watu wasiojulikana. Tarehe 13 Aprili askari polisi 8 waliuawa pamoja huko Mkengeni. Pikipiki zilipigwa marufuku kuanzia saa 12 jioni. Vibanda umiza vilifungwa, na hata kama vingefunguliwa nani angekwenda? Watu waliojuana miaka 20 walianza kusalimiana kwa macho ya kuulizana. Jambo baya kuliko hofu yenyewe lilikuwa kutojua umwogope nani.

Ligi iliisha Jumamosi ya tarehe 20 Mei. Simba na Yanga walimaliza na pointi 68 kila mmoja, na Yanga wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Mwaka mwingine wowote Kibiti isingelala. Usiku ule nilisikia mbwa tu.

Jumatatu nikapata habari kwamba kaka yangu amefariki kijijini, kwa maradhi yake ya siku nyingi. Njia ya Nyamisati inapitia upande ule ule wa Bungu ambako watu walikuwa wakiogopa kupita, na baada ya hapo kuna maji. Wenzangu wa tawi la Simba walinipa fedha na pole, na wakaniomba radhi. Siwalaumu hata kidogo, kwani kama msiba ungekuwa wa mwingine sijui ningefanya nini. Nilikuwa stendi na mwanangu, nikitafuta gari, nilipowaona wanaume watano wanakuja, Fundi mbele, futi yake ya kushonea ikiwa bado shingoni. Wote ni Yanga wa sokoni. Nikamwambia, "Fundi, hali unaijua." Akasema, "Naijua. Panda gari."

Kijijini waliobaki na nguvu walikuwa wachache, kwa kuwa vijana wengi walikuwa wamehama. Waliochimba kaburi la kaka yangu ni wale watano. Fundi alikuwa ndani, udongo umemfika kifuani, alipoitoa ile futi yake akapima upande huu na upande huu. Kisha akainua uso, akaniambia kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Mwalimu, urefu uko sawasawa kabisa, kama pointi zetu na zenu. Mlichopungukiwa nyie ni mabao tu."

Palikuwa kimya. Halafu shemeji yangu aliuma mdomo, ukamshinda. Mzee aliyekuwa tayari kuswalisha jeneza akageuza uso pembeni, nikaona mabega yake yanatikisika. Nami nikacheka, na katika kicheko hicho ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu nipate habari. Kaka yangu alikuwa Simba tangu kabla ya jina la Simba. Nilifikiri habari ya baba, ambaye kaburi lake lilikuwa hatua chache kutoka pale. Swali lake lilikuwa limejibiwa kwa namna ambayo yeye wala mimi hatukuitazamia: si Simba waliotuzika, ni Yanga.

Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu wa kuandika makala ya kusifu michezo. Haikuishia hapo.

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, Yanga walitufunga 5-1. Alfajiri ya Jumatatu Fundi alibisha hodi. Alikuwa ameshona kitambaa kidogo cha leso, na juu yake vifungo sita: vitano vya njano, kimoja chekundu. Akanikabidhi kwa mikono miwili akasema, "Uhesabu polepole, Mwalimu, macho yako yamezeeka." Mtaa mzima ulikuwa umesimama kutazama. Wiki nzima nilipita njia za nyuma. Sikwenda sokoni. Kila mtoto aliyeniona alininyooshea vidole vitano, na wengine nilikuwa nimewafundisha wazazi wao kusoma.

Alhamisi mama yake Fundi akafariki, kwao, jirani na Ikwiriri. Kutoka Kibiti ni safari fupi ya lami, mchana kweupe, nchi ina amani. Sikwenda. Nilituma fedha kwa simu, na maneno ya pole niliyoyanakili kutoka ujumbe mwingine. Nilimwambia mke wangu goti linaniuma, na kweli goti huniuma, lakini halikuwa likiuma zaidi ya siku nyingine. Ukweli ni kwamba nilijua Yanga wa sokoni watakuwapo wote, na nikaogopa vidole vitano. Fundi alivuka hofu ya kifo kuja kunizikia ndugu yangu, nami nilishindwa kuvuka hofu ya kuchekwa.

Nimejaribu kujitetea. Nimesema moyoni kwamba fedha yangu imeandikwa daftarini, ukurasa wa watani, na kwa mujibu wa daftari sidaiwi hata senti. Nimesema pia kwamba wema haupaswi kuhesabiwa. Kama yeye alikuja kaburini mwaka 2017 ili baadaye adai, basi ulikuwa biashara, na kama haukuwa biashara basi hakuna deni. Hoja hii inaonekana nzuri ukiisema haraka. Lakini Fundi hakudai. Hajawahi kulitaja jambo hili, kwangu wala, kwa nijuavyo, kwa mtu mwingine. Aliacha tu kunitania.

Nilikutana naye mara ya kwanza baada ya siku kumi hivi. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Kwa miaka 30 na ushei mtu yule hakuwahi kuniamkia. Salamu yake ilikuwa "Mmefungwa tena?", hata siku ambazo hatukucheza. Nikaitika marahaba, na neno lile likaniganda kooni.

Tangu hapo ananiheshimu. Aprili 2024 Rufiji ilipofurika, na mashamba ya watu wa Rufiji na Kibiti yakawa chini ya maji, matawi yetu mawili yalikusanya chakula pamoja. Nilijiweka makusudi karibu naye tukibeba magunia. Aliniambia, "Samahani, Mwalimu, naomba nipite." Mwezi huo huo Yanga walitufunga 2-1, hakusema kitu. Oktoba wakatufunga 1-0, hakusema kitu. Vijana wa siku hizi hucheka usiku kucha kwa simu, wanawatukana watu wa mikoa ambayo hawajafika, watu ambao hawatamwona hata mmoja wao akibeba jeneza, na mimi huwasikia nikajiuliza kama wanajua kile wanachokitumia kilikuwa na bei. Halafu nakumbuka kwamba mimi niliyeijua bei ndiye niliyekaa nyumbani.

Nimefikiri kwenda kumwomba radhi waziwazi. Nimeshindwa, si kwa kiburi, bali kwa sababu radhi ni adabu ya watu wasiotaniana. Nikienda na kanzu na maneno mazito, atanikubalia kwa upole mkubwa, ataniita Mwalimu, na tutakuwa tumekwisha kuwa wageni kabisa. Ninachokitaka ni kuchekwa, nacho hakiombwi.

Tarehe 25 Juni mwaka 2025 Yanga walitufunga tena, 2-0, na ubingwa ukaenda kwao. Asubuhi yake sikupita njia ya nyuma. Nilichukua suruali yangu moja ambayo haikuwa na kasoro kubwa, nikapita katikati ya soko, vidole viwili viwili vikiniinukia kila upande, nikaingia kwa Fundi. Nikamwambia nataka ipunguzwe chini.

Akaikunjua mezani, akaitoa futi shingoni. "Inchi ngapi, Mwalimu?"

"Mbili," nikasema.

Alinitazama. Wateja wengine wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, mmoja akakohoa. Fundi akachukua chaki, akachora mstari, akaandika 2 kwenye kitambaa, kubwa kuliko ilivyohitajika. Kisha akaikunja suruali, akaiweka juu ya zile nyingine, akaniambia niifuate Ijumaa.

Nilipokuwa mlangoni akaniita. "Mwalimu."

Nikageuka.

"Una hakika zimetosha mbili?"